Nilivyojifunza Kithai bila kukipitisha kwenye Kiingereza

Kitabu changu cha kwanza cha Kithai kiliandikiwa Waingereza, na kamusi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza na Kithai. Cha Kiswahili sikukipata. Mimi nauza mawe ya thamani, hasa tsavoraiti za kijani na rubi za Taita Taveta, na muuza mawe ya rangi atajikuta Chanthaburi siku moja, mji wa mashariki mwa Thailand ambako mawe ya Afrika huchomwa, hukatwa na kuuzwa. Mnunuzi ndiye anayekaa mezani, madalali wakamjia na vifurushi vyao. Kiingereza kidogo kipo, lakini wakianza kushauriana juu ya jiwe lako, wanashauriana kwa Kithai.

Kitabu kilinionya kwamba kuna p mbili, moja yenye pumzi na moja isiyo nayo, na kikaweka mazoezi ya kushika karatasi mbele ya mdomo. Niliposikiliza maneno yenyewe nikaona hilo ni tatizo la Mwingereza, si langu. Pa ni shangazi au mama mkubwa, pha ni kitambaa. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni ileile, tofauti ni pumzi tu. Nami nimezaliwa Mombasa. Paa la nyumba na paa wa mwituni hatuwatamki sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini, ingawa maandishi hayaonyeshi. Hata ng' iliyoanza neno, kama ngan, yaani kazi, au ngoen, yaani pesa, ilinitoka kama ninayesema ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika daftari langu upya, Kithai upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, Kiingereza nje.

Hesabu zikawa nyepesi ghafla. Kithai kina neno moja la laki: saen. Mwingereza husema elfu mia moja, na nilipokuwa nikipitia kwake nilibaki nyuma wakati bei imeshatajwa. Sasa nikisikia song saen ha muen najua ni laki mbili na elfu hamsini, maana muen ni elfu kumi, neno ambalo sisi hatuna na ilibidi nilizoee.

Saa ndizo zilizonifurahisha zaidi. Kwa mazungumzo ya kawaida, Mthai huhesabu usiku kuanzia jua likizama, kama sisi. Nueng thum ni saa moja usiku, song thum ni saa mbili, mpaka ha thum, saa tano. Kamusi yangu ilikuwa inanipeleka saa saba za jioni za Kizungu, kisha mimi mwenyewe nirudi kwenye saa moja! Baada ya saa sita usiku mlingano huo huisha, kwa sababu wao huanza tena na moja, ti nueng, wakati kwetu ni saa saba.

Toni ni habari nyingine, na hapo Kiswahili hakina msaada. Sisi hupandisha sauti ili sentensi iwe swali. Mthai ana toni tano, na kila silabi ina yake. Suai kwa toni inayopanda ni zuri. Suai kwa toni ya katikati ni nuksi. Hebu fikiria kulisifu jiwe mbele ya mteja. Maandishi ya Kilatini hayakuonyesha tofauti yoyote, ndiyo maana nikaacha kuyategemea na kujifunza herufi zao zote 44 za konsonanti. Zimegawanywa katika matabaka matatu, na tabaka la herufi, urefu wa irabu, mwisho wa silabi na alama iliyo juu ndivyo vinavyokwambia toni. Suai ya uzuri huandikwa kwa s ya tabaka la juu, ya nuksi kwa s ya tabaka la chini. Ukiyaona, humuulizi mtu.

Sikio nalo lilihitaji kazi yake. Mama mmoja wa sokoni, ambaye namwita pa kwa heshima ya umri wake, alinisomea maneno mawili mawili nikamrekodi kwa simu: klai, mbali, na klai, karibu. Nilikuwa naimba toni kwanza mdomo umefungwa, halafu ndipo nalitamka neno. Alinifundisha pia kwamba khun ya kitabuni, yaani wewe ya adabu, humfanya mtu mgeni. Aliyenizidi umri kidogo ni phi, mdogo wangu ni nong, na hilo halikuhitaji maelezo.

Juzi nimeandika phloi dip, jiwe ambalo bado halijachongwa. Dip ndiyo hiyo hiyo ya nyama isiyopikwa na embe lisiloiva. Kamusi ilikuwa na maelezo marefu. Mimi nimeandika jiwe bichi.