Mkia ukitangulia: gari ya umeme kwenye theluji, ilivyojadiliwa barazani Wete

Nimeshuka Wete, kwetu Pemba, wiki iliyopita, likizo ya Disemba, na kosa nililifanya siku ya kwanza tu. Nilisema barazani kuwa gari yangu ya Norway ni ya umeme, na kuwa usiku mwengine baada ya kazi huwa tunaichezesha kwenye theluji. Kahawa ikapoa vikombeni.

"Mnaichezesha vipi?"

Kuiserereza kwa makusudi, nikawaambia. Unakata kona, unauachia mkia utoke, halafu unaufuata kwa usukani kabla haujakupita. Naishi Tromsø, kaskazini kabisa, ambako tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi. Mtu lazima ajitafutie cha kumchekesha. Na si barabarani, msinielewe vibaya. Ni kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala ninalofanyia kazi, mkubwa wetu katuruhusu, na usiku hakuna hata paka.

Mvuvi mmoja kauliza kama umeme una nguvu za mchezo huo, maana yeye akisikia gari ya umeme anaona friji lenye magurudumu. Nikamwambia kule mwaka 2024 karibu gari 9 katika kila 10 mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme, na watu wanazipandisha milimani kwenye barafu kila siku. Na tusicheke sana, maana huu umeme uliokuwa ukituangazia barazani unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na sehemu kubwa ya pesa zake ilitoka huko huko Norway.

Nguvu ndiyo tatizo lenyewe, ikiwa ni tatizo. Injini ya petroli inataka ipande mzunguko kwanza ndipo ikusukume. Mota ya umeme inakupa msukumo wake wote tangu gari imesimama. Kwenye theluji huhitaji kukanyaga, unagusa kwa kidole gumba cha mguu na mipira ya nyuma imeshaanza kusaga. (Bado nasema "kukanyaga mafuta", na mke wangu huniuliza kila siku mafuta gani.) Tena hakuna ngurumo ya kukuambia kuwa mipira inazunguka bure. Unasikiliza theluji yenyewe. Ikiwa baridi kali inalia vile unavyolia wanga wa muhogo ukiuminya kiganjani, na mpira ukianza kuteleza ule mlio unakatika. Hapo ndipo unapojua.

Halafu kuna mlinzi. Gari hizi zina kompyuta inayohesabu mzunguko wa kila gurudumu, na kwa kuwa mota inatii amri kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, mlinzi anakukata kabla hujaona raha. Ukigeuza usukani unatarajia mkia utoke, gari inakuwa kama mtoto aliyeshikwa mkono na bibi yake. Ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo, kama Tesla Model 3 Performance na Hyundai Ioniq 5 N, zina hali yake maalumu ya kuchagua kwenye skrini. Yangu ni ya mkono wa pili, mota moja nyuma, na ina kitufe cha kumpumzisha mlinzi. Lakini hapumziki kikweli. Ukizidisha mwendo anarudi mwenyewe bila ya kuitwa.

Mota kuwa nyuma ndiyo bahati yangu. Mwenzangu kazini ana Nissan Leaf, inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiizidishia kwenye barafu pua inakwenda moja kwa moja wala haikusikilizi, na mkia uko nyuma umetulia kama mgeni. Ya kusukumwa nyuma, mkia ndio unaozungumza. Na betri ikiwa imelala chini ya sakafu nzima, gari haiinami unapoiserereza. Inakwenda bapa, kama sinia likisukumwa kwenye sementi iliyomwagikiwa maji.

"Hiyo si gari," kasema yule mvuvi, "hiyo ngalawa."

Mmoja kasema uzito wa betri si ndio unaoishika gari chini? Wengi hata kule wanadhani hivyo. Uzito unaougandamiza mpira chini ndio huo huo unaotaka kuendelea mbele, kwa hiyo faida haipo. Kwenye lami kavu, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, breki zikishauma unasimama ndani ya mita 5 hivi. Kwenye barafu tupu ni kama mita 35. Nikawaonesha: kutoka barazani tulipokaa mpaka ng'ambo ya majamvi ya karafuu ya jirani.

Ami yangu muda wote huo kimya, anahesabu tasbihi. Aliendesha gari ya shamba, Bedford, miaka mingi, abiria na magunia ya karafuu, njia za udongo kabla hazijajua lami. Nilipofika kwenye habari ya ajali yangu ndipo alipoinua kichwa.

Ilikuwa majira yangu ya kwanza na gari hii. Nimezungusha mara tatu vizuri, mara ya nne mkia ukatoka zaidi ya nilivyotaka, nikaogopa, nikanyanyua mguu wote. Katika gari niliyojifunzia hapa Pemba, ukiogopa ukanyanyua mguu inapungua pole pole. Ya umeme ukinyanyua mguu, mota inageuka jenereta: inarudisha umeme betrini, na hiyo ni breki, tena kwa yangu ni breki ya magurudumu ya nyuma peke yake. Mipira ya nyuma ikakaribia kusimama na gari bado inakwenda. Nikazunguka, nikaingia kinyumenyume kwenye lundo la theluji lililokusanywa na trekta. Taa moja ikavunjika na bampa likachomoka upande. Kibaya zaidi, nilipoanza kucheza betri ilikuwa ya baridi, na betri ya baridi haipokei umeme sawasawa, kwa hiyo zile mara tatu za mwanzo breki hiyo haikuwepo. Gari ilinizowesha tabia moja, ikaja na nyengine.

"Ulinyanyua mguu," kasema Ami.

"Naam, Ami."

"Mlimani? Penye utelezi?"

"Palikuwa tambarare."

"Ni moja. Bedford ukiiteremsha kilima cha udongo kwa gia namba moja, ukatoa mguu ghafla, injini inaikamata mipira ya nyuma. Mkia unatangulia. Hiyo kompyuta yenu imekuja kutuuzia tope."

Siku hizi ile breki ya mota naiweka hatua ya chini kabisa kabla ya kucheza, na nikiogopa nauachia mguu ulipo, nageuza usukani tu. Kule nilipotafuta leseni walinilazimisha siku ya mafunzo kwenye kiwanja cha utelezi, na mwalimu alinieleza hilo kwa michoro. Sikulielewa mpaka taa ilipovunjika.

Asubuhi yake mvua ya vuli ilinyesha tangu alfajiri. Ami kaazima pikapu ya shemegi, tukaenda shamba kuchukua magunia. Wakati wa kurudi pana kilima kimoja cha udongo mwekundu, kinateremka mpaka kwenye bonde la mpunga, na maji yalikuwa yakitiririka njiani. Gari ikaanza kwenda upande. Ami hakuguswa, usukani kausogeza kidogo tu, kama mtu anayepangusa meza.

Mie nilikuwa kiti cha abiria, na mguu wangu wa kulia umeshanyanyuka wenyewe.

"Urejeshe," kasema, bila ya kunitazama.