Njoni Mfungue Kinywa

Somo: Yohana 21:1–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi huu wa saba Dar es Salaam kumepoa. Wakazi wa huku mnajua maana yake: feni imeshushwa hadi namba moja, na dereva wa bodaboda kavaa jaketi zito alfajiri kama mtu anayepanda mlima. Sisi tuliozaliwa Kilimanjaro tunacheka kimoyomoyo. Baridi ya kwetu ni wingu kutua mgombani likakaa siku nne. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zinaanuliwa Ijumaa zikiwa bado na unyevu, na mtoto anaruhusiwa kunawa miguu tu akalale.

Baridi ile ilikuwa na chakula chake, na wiki hii nimekikumbuka sana. Msiseme mwalimu ameishiwa neno sasa anahubiri mtori. Nivumilieni, tutafika Galilaya.

Kwa wasioujua, mtori unaanza na mkungu wa ndizi mshare uliokomaa lakini haujaiva. Mama alijipaka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi ukishika haubanduki. Akimenya anatumbukiza kwenye beseni la maji ili ndizi zisiwe nyeusi. Wakati huo sufuria kubwa iko mafigani tangu asubuhi, kidari na mifupa vinachemka kwa chumvi na vitunguu. Mifupa inatolewa, ndizi zinaingia kwenye ile supu, zinaiva mpaka zinaanza kuachana zenyewe. Hapo ndipo mwiko unapofanya kazi. Ukiwa na haraka utakula mabonge. Mama hakuwa na haraka. Aliponda, akakoroga, akaonja, akaponda tena, moshi ukimtoa machozi na leso ya kichwa ikimteleza, halafu nyama ikarudishwa na kijiko cha siagi juu.

Mtori ndio chakula cha mzazi. Mwanamke wa Kichaga akijifungua anawekwa ndani, na mama mkwe, shangazi na majirani wanapishana mlangoni na mabakuli. Kwa hesabu hiyo sisi wote wa mlimani tuliuonja kabla hatujaota jino, kupitia maziwa ya mama.

Kalenda ya nyumbani tuliisomea jikoni. Machi, masika yakianza, watu walishuka tambarare kupanda mahindi na maharage, na jioni kililiwa kiburu kwa sababu hakihitaji mtu wa kukisimamia: ndizi, maharage, magadi kidogo, unafunika na kuuacha moto ufe taratibu. Juni ni mahindi mabichi ya kuchoma, ya kuchemsha, na makande yake, ambayo ni matamu kuliko makande ya mahindi makavu. (Ndugu zangu Wapare, najua mtanijibu. Nipo.) Baada ya mavuno mahindi makavu yanakobolewa kwenye kinu, yanalowekwa usiku kucha, yanapikwa nusu siku, na yanaliwa na maziwa mgando. Desemba ni maandazi ya iliki mkesha wa Krismasi, mabasi kutoka Dar yakishusha watu barabarani hadi usiku wa manane, na mbuzi anayengoja asubuhi. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, sitakigusa, kwa sababu mtu ataniletea Matendo 15:20 na leo sina nafasi ya mjadala huo. Januari sikumbuki chakula chochote. Nakumbuka ada.

Paulo na Barnaba walipokuwa Listra, watu wakitaka kuwachinjia ng'ombe kana kwamba wao ni miungu, Paulo hakuwatolea hoja za torati, ambazo wale watu hawakuzijua. Aliwaonyesha vyungu vyao. Mungu, aliwaambia, hakujiacha pasipo ushuhuda: alitoa mvua kutoka mbinguni na majira ya mavuno, akaijaza mioyo yenu chakula na furaha (Matendo 14:17). Nilisoma mstari huu miaka mingi bila kuona kwamba kinachojazwa chakula pale ni moyo. Paulo angeweza kusema matumbo, kwa kuwa aliijua njaa ni nini. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha mama yake akiwa na bakuli la moto viganjani, mvua ikipiga bati, anajua chakula kile kilikwenda wapi.

Sasa twende Galilaya.

Wanafunzi saba wamevua usiku kucha na hawakupata kitu. Alfajiri mtu yuko ufukweni anawaambia watupe jarife upande wa kuume, na wanavuta samaki wakubwa 153. Yohana anamtambua Bwana. Petro anajitosa majini na kuwaacha wenzake wahangaike na chombo. Fikirini anavyotoka: nguo zinachuruzika, meno yanagongana, anatembea kumwelekea mtu ambaye siku chache nyuma aliapa kwamba hamjui. Tangu usiku ule, kwa jinsi Injili hii inavyosimulia, Petro hajasema neno juu ya jambo lile.

Anachokikuta ufukweni ni moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate.

Yohana anautaja moto wa makaa mara mbili tu katika Injili yake. Mara ya kwanza ni sura ya 18 mstari wa 18, uani kwa Kuhani Mkuu. Yerusalemu iko juu milimani na usiku wa majira ya Pasaka huwa na baridi. Watumishi wamewasha makaa wanaota moto, na Petro amesimama nao akipasha mikono yake huku akimkana Bwana. Mara ya pili ni hapa. Harufu ya makaa ni ileile. Petro, nina hakika, aliinusa kabla hajaona kilichokuwa juu yake, na tumbo likamkaza.

Hapo ndipo mimi ningeanza kuuliza maswali. "Haya Simoni, hebu tukumbushane." Mtu kalowa, ana baridi, hana pa kukimbilia: wakati mzuri kabisa wa kumbana. Bwana anasema, "Njoni mfungue kinywa."

Swali linakuja, "Wanipenda?", tena mara tatu. Lakini Yohana anaandika kwa uangalifu kwamba lilikuja walipokwisha kula.

Nilikuwa darasa la tano. Mama alinipa hela ya mayai, nikanunue sukari na mafuta ya taa. Njiani nikakuta wenzangu wanacheza chandimu, nikavua shati, nikaweka hela mfukoni mwa shati na shati juu ya jiwe. Mvua ilikuja, tukacheza ndani ya mvua, na nilipolichukua lile shati mfuko ulikuwa mtupu. Nilitafuta kwenye matope mpaka giza likaingia. Kisha nikakaa chini ya mti wa kahawa nikatunga uongo, nao ulikuwa mzuri: vijana wawili, mmoja mrefu, wamenipora darajani. Nikaurudia njia nzima nisije nikasahau yupi alikuwa mrefu.

Nikaingia jikoni nikiwa tope tupu. Mama alikuwa kwenye kigoda. Alinitazama mara moja tu, nami nikajua kwamba jirani ameshapita kabla yangu. Hakusema kitu. Akatoa kanga yake ya begani akanifunga, akavuta sufuria ya mtori wa mchana, akajaza bakuli la bati lile lenye maua mekundu, akanipa.

"Kaa. Kula kwanza."

Nilikula polepole iwezekanavyo, maana nilijua kinachofuata. Hakunisogeza. Alipoona nimefuta bakuli kwa kidole, alilichukua, akaliweka pembeni, akasema kwa sauti ileile ya kuulizia kama kuku wamefungiwa, "Haya mwanangu. Hela ya mayai iko wapi?"

Wale vijana wawili wa darajani walikwisha toroka. Ningemwambiaje uongo mtu ambaye mtori wake ulikuwa bado unanichoma kooni? Nilimwambia yote, na shati, na jiwe. Adhabu ilikuwepo, nisiwadanganye: wiki mbili kukata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule, na masika majani yanakata miguu kwa ubaridi. Niliyakata. Nadhani ndiyo kazi pekee ya utotoni niliyoifanya bila kunung'unika.

Mama hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa anafuata Yohana 21. Sidhani hata kama alikuwa anaifuata. Nadhani ni kinyume chake: Bwana wetu ndiye aliyefanya ufukweni kile ambacho mama zetu wanakijua. Na nabii Eliya naye, chini ya mti wa mretemu, akiomba afe, hakupewa mahubiri. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa (makaa tena) na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaamshwa, akala mara ya pili. Maswali yalimngoja kwenye mlima Horebu, mwendo wa siku 40.

Kuna jambo moja zaidi pale ufukweni ambalo hunigusa kila mwaka wakati wa sikukuu ya mavuno. Samaki walikuwa tayari juu ya makaa. Yesu hakuwa na upungufu. Hata hivyo anawaambia, leteni hapa baadhi ya samaki mliowavua sasa hivi. Nyumbani siku ya mavuno madhabahu ilifunikwa: mikungu, mahindi, maziwa kwenye kibuyu, kuku amefungwa miguu akipiga kelele katikati ya litania. Baada ya ibada ni mnada nje, chini ya mti. Kuna bibi mmoja alikuwa analeta mayai matatu kila mwaka kwenye kikapu kilichoweza kubeba 30. Mnadi aliyapandisha bei kama ng'ombe. Mtu akayanunua, akayarudisha yauzwe tena, mwingine akayanunua, akayarudisha, na yule bibi alikuwa amekaa kwenye benchi ameziba mdomo kwa kitenge, anacheka. Kanisa lingeendelea bila mayai yale. Lakini ibada bila yeye kuleta ingekuwa ibada ya namna gani?

Najua wapo wanaosoma hapa ambao wiki hii sufuria yao ni nyepesi, na wapo ambao mama wa bakuli alikwisha lala, na kila harufu ya iliki ni kidonda. Kwenu sina la kusema haraka. Niambieni tu mnapoishi. Jumuiya yetu ina akina mama ambao hawajawahi kupika cha kutosha watu wa nyumbani kwao peke yao, daima kinazidi.

Sasa niungame la kwangu, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Jumanne iliyopita kijana wetu alirudi kutoka shule ya bweni kabla ya likizo, na basi la usiku. Alifika mlangoni saa kumi na mbili kasoro asubuhi na begi na barua. Nilikuwa nimeshapigiwa simu jana yake: amekutwa na simu bwenini, kwa mara ya pili. Usiku sikulala. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye vichwa vitatu, na kila kichwa kilikuwa na aya yake. Nilimkuta sebuleni bado amesimama, begi mgongoni, nikanyoosha mkono kuchukua barua na kufungua mdomo.

Mke wangu alitoka jikoni. Mikono ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko, kwa sababu yeye naye hakulala, ila yeye alikuwa ameukesha usiku wake na donge la maandazi.

"Baba Nuru," alisema, "mwache mtoto afungue kinywa."

Akaichukua ile barua mkononi mwangu, akaibana chini ya kopo la sukari, akaweka sahani mezani. Tukakaa watatu. Chai ya maziwa, tangawizi nyingi, maandazi yamefura, yanatoa mvuke ukiyapasua. Hakuna aliyesema kitu. Kijana alikula la kwanza bila kuinua macho, la pili akaanza kulichovya kwenye chai kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nilikuwa nahesabu. Hotuba yangu ilikuwa inapoteza vichwa, kimoja baada ya kingine.

Alipofika la nne aliliweka chini nusu. Akafuta vidole kwenye suruali, ingawa kitambaa kilikuwepo, akalitazama kopo la sukari.

"Baba," akasema, "mama. Naomba niwaambie mimi kabla hamjaisoma."