Siku moja maishani mwangu: fundi wa chasisi za malori, Tabata

Kuna vijana huwa wananiuliza hii kazi ya kuchomelea chasisi, ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba lori, ikoje, inalipa au hailipi, macho yanauma kweli, mtu anaanzia wapi. Nimeona nisijibu mmoja mmoja, niandike tu Jumanne iliyopita ilivyokwenda kuanzia alfajiri mpaka tunafunga. Gereji yetu iko Tabata, sio mbali na Barabara ya Mandela, kwa hiyo wateja wakubwa ni semi zinazopakia bandarini kwenda Tunduma, Zambia na Kongo, alafu pembeni tunafanya kazi za oda, mageti, vibanda vya chipsi, maboksi ya tela, chochote cha chuma mtu anachokitaka.

Saa 11 alfajiri

Naamka, naoga, chai ya rangi na kiporo, natoka. Jua la Dar ukichelewa nalo unafanya kazi umevaa aproni ya ngozi mwilini na chuma kina joto kabla hata hujakigusa na moto, kwa hiyo kazi ngumu napenda niianze mapema.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kitu cha kwanza nikifungua gereji ni kuwasha oveni ya fimbo za kuchomelea. Hapa nikae kidogo maana ndio sehemu watu wanadharau. Kwa chasisi natumia fimbo za 7018, na ule unga wake wa nje unanyonya unyevu wa hewani, sasa hapa kwetu pwani hewa yenyewe ina maji mwaka mzima, pakiti ukiiacha wazi imeshaharibika. Ukichomea na fimbo yenye unyevu utaona mshono umekaa vizuri kabisa, unang'aa, mteja anafurahi, kumbe hidrojeni ya ule unyevu imeingia ndani ya chuma na baada ya masaa kadhaa, au hata kesho yake, ufa unaanzia chini ya mshono ambako jicho halifiki. Kwa hiyo fimbo zilizokaa wazi tunazioka kwanza kama nyuzi 350 kwa saa moja hivi kufuatana na maelekezo ya pakiti, alafu tunazishusha zinakaa kwenye nyuzi 120 na kitu, tunatoa chache chache kadiri tunavyochoma. Nimeona mafundi wanaanika 7018 juani juu ya bati, jamani hiyo sio kukausha, jua halifiki hata robo ya joto linalotakiwa.

Saa 1 na nusu

Kikaingia kichwa cha semi bila tela. Dereva mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba fundi, alafu hapohapo akaanza, "Ufa wenyewe mdogo tu mwanangu, nipigie kipande cha bati hapo niwahi, kontena linanisubiri bandarini." Nikamwambia mzee kaa kwanza kwenye benchi unywe chai, nikiangalia nitakwambia.

Ufa ulikuwa chasisi ya kulia, mbele kidogo ya ile sahani inayobeba tela, umeanzia ukingo wa chini unapanda ubavuni. Kwa macho ulionekana kama urefu wa kidole. Nina kijana wa chuo cha ufundi VETA yuko field kwetu, nikamwita aone, maana hili nataka ajifunze mapema kuliko kushika mashine. Tukasafisha rangi na kutu na brashi ya waya mpaka chuma cheupe, tukapaka mafuta ya taa, tukasubiri yanywe, tukafuta kabisa na kitambaa kikavu, alafu tukasugua chaki nyeupe juu yake. Ukikaa pale dakika kadhaa mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanarudi juu yanailowesha chaki, unaona mstari mweusi unajichora wenyewe taratibu. Ule mstari ulipita pale macho yalipoishia ukaendelea juu karibu mara mbili yake. Dogo akanyamaza kimya anaangalia. Kuna rangi za kisasa za kupuliza, nyekundu na nyeupe, zinafanya kazi hiyohiyo vizuri zaidi, zikiwepo tunatumia, ila chaki na mafuta ya taa hazijawahi kukosekana Tabata.

Nikamwita mzee akaona mwenyewe. Hakusema habari ya bati tena.

Saa 3

Kabla ya kuchoma lazima nijue kwanini imepasuka, vinginevyo itapasuka tena palepale au sentimita chache pembeni. Wengi watasema mizigo, na kweli sheria ya Afrika Mashariki mwisho ni tani 56 kwa gari na tela lake na bado wapo wanaozidisha, ila hapa jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma chenyewe. Kuna mtu zamani alifunga breketi ya kitu fulani akatoboa ukingo wa chini kwa moto wa gesi, tundu limekaa meno meno halijasafishwa, na ufa umeanzia kwenye tundu hilo. Ukingo wa chini hapo katikati ndio unaovutwa gari likibeba, kila shimo la barabarani linauvuta, kila tuta linauvuta, wewe unaenda kuutoboa tena kwa moto! Chasisi za kisasa ni chuma cha nguvu kilichopikwa kiwandani, kinaweza kuwa milimita 8 tu na kikabeba vile, ukikichezea kwa joto unakilegeza. Kutoboa kwenye kingo za juu na chini hapana. Ukitaka kufunga kitu tumia matundu ya kiwandani, au toboa ubavuni mbali na kingo, kwa drili sio kwa gesi.

Tukaweka jeki na mbao nzito pande zote mpaka chasisi ikakaa huru, ufa ukarudi kufunga kidogo, hapo unajua uzito umetoka. Tukachomoa nyaya zote mbili za betri, na soketi za kontrolo boksi tukazitoa, maana magari haya yana kompyuta na ukichoma bila kuchomoa unaweza kumuunguzia mtu kifaa cha bei kuliko kazi yenyewe. Klipu ya ethi, ile ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, nikaifunga karibu kabisa na ninapochoma kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukiifunga mbali umeme unatafuta njia kupitia kwenye bearingi na springi, bearingi inaumia ndani na hakuna atakayejua ni wewe.

Saa 4 na nusu

Nikatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, pale chaki ilipoonyesha mwisho na kupita kidogo, ili ufa usiendelee kukimbia. Alafu grainda, nikafungua ufa wote kwa umbo la V mpaka chini, nikaacha nafasi kama milimita 2 ili moto upenye upande wa pili. Lile tundu bovu nalo nikalisafisha mpaka chuma kizima nilijaze pamoja. Nikapasha chuma kwa gesi kidogo tu, kiasi cha kufukuza unyevu na ubaridi.

Safu ya kwanza fimbo ya milimita 2.5, umeme chanya upande wa fimbo, nikaweka amp 80 na kitu. Hii safu ya kwanza ndio moyo wa kazi. Nashikilia fimbo karibu kabisa, arki, yaani ule moto wa umeme kwenye ncha ya fimbo, iwe fupi, nasikiliza sauti, sauti ya 7018 ikiwa sawa inakaanga kwa utulivu bila kurukaruka, na macho yangu hayaangalii mwanga, yanaangalia kile kidimbwi cha chuma nyuma ya mwanga kama kinashika kingo zote mbili. Kikishika upande mmoja tu umepaka rangi, hujachomelea. Nikimaliza safu nagonga magamba yote ya ule unga ulioyeyuka, brashi, naangalia, ndio naenda ya pili na fimbo ya 3.2, amp kama 120. Gamba moja likibaki katikati ya safu mbili ndio mwanzo wa ufa mwingine.

Muda huo dogo nilimpa kazi ya kukata kipande cha kuimarisha, kile kinachokaa upande wa ndani wa chasisi. Nilimchorea mwenyewe kwa chaki, ncha zake zikatwe kwa mlalo, zisiwe wima. Ukikata wima nguvu yote inakutana mstari mmoja mahali plate inapoishia na chasisi inakatika hapohapo, malori mengi yaliyolala barabarani ukiyachungulia utakuta kibati cha pembe nne kimechomelewa kuzunguka pande zote, na chasisi imekatika pembeni ya kibati.

Saa 6 na robo

Umeme ukakatika. Safu zilikuwa bado hazijajaa, tukafunika na blanketi la fibaglasi ipoe polepole. Mzee akasema mwagia maji fundi tusipoteze muda, nikamwambia mzee maji hapana, chuma hiki kikipoa ghafla kinakuwa kigumu alafu kinavunjika. Jenereta yetu inavuta mashine ndogo tu, kwa hiyo tukala. Wali maharage na mchicha wa mama ntilie wa pembeni, safi sana.

Wakati wa kula vijana wakaagiza maziwa, ile imani kwamba maziwa yanaosha moshi kifuani. Maziwa yanaenda tumboni jamani, moshi unaenda kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kukaa upande upepo unakotoka, kuweka feni, kuvaa barakoa ya kazi, na kukwangua rangi na zinki kabla ya kuchoma, maana ukichoma bomba la zinki bila kukwangua jioni unatetemeka homa unadhani malaria. Na miwani ya jua sio kofia ya kuchomelea! Kioo namba 10 au 11 ndio cha arki. Yule anayechoma na miwani ya mtumba ndio anayelala na viazi machoni usiku, anahisi mchanga umejaa.

Hapo akaja jamaa na tenki la dizeli linavuja, anataka nilipige arki mara moja. Nikakataa. Anasema limekaa tupu wiki nzima. Tupu ndio hatari yenyewe, mvuke umebaki ndani na hewa imeingia, moto unangoja tu. Nikamwambia lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe, alafu nitalijaza maji mpaka karibu na tundu, mdomo ukiwa wazi, ndio nitachoma. Akaondoka amekasirika kidogo. Sawa tu, kuna watoto wanacheza nyuma ya ukuta wetu.

Saa 8 na nusu

Umeme ukarudi. Tukapasha tena chuma, fimbo zikarudishiwa joto lake, nikaendelea mpaka V ikajaa, nikageukia upande wa pili nikafungua mzizi, yaani chini ya ile safu ya kwanza, kwa grainda na kuufunga. Mwisho nikausawazisha mshono uwe sawasawa na chasisi, na grainda inatembea kufuata urefu wa chasisi, haikatizi. Mikwaruzo ya kukatiza ni njia ya ufa.

Saa 10 jioni

Plate ya kuimarisha tumeifunga kwa bolti ngumu za daraja la 10.9, ubavuni tu, matundu ya drili yamesafishwa, bolti zimeingia kwa kubana, hazichezi, tukakaza kwa toki renchi, spana inayopima mkazo. Hatukuichomelea. Kabla ya kufunga tulipaka primer ya zinki katikati ili kutu lisikae.

Saa 11 na nusu

Mwili umechoka ila hii kazi ya jioni naipenda sana, boksi la jikoni la dereva mwingine. Madereva wa Kongo wanaweza kukaa mpakani siku nyingi kwenye foleni, wanapikia ubavuni mwa tela, kwa hiyo boksi likifunguka mlango unalala chini unakuwa meza, ndani kuna sehemu ya mtungi mdogo wa gesi yenye matundu chini ili gesi ikivuja itoke, sehemu ya ndoo ya maji, na kisahani cha viungo chenye ukingo visimwagike kwenye matuta. Huyu aliomba pia kikulabu cha kutundika taa. Bati la milimita 2, nalishona kwa vituo vifupi vifupi huku na huku, ukilivuta mshono mrefu mara moja linapinda na mlango haufungi tena.

Saa 1 usiku

Bosi wa kile kichwa akapiga simu kwa mzee, gari liko wapi, kwanini halijatoka. Nikaongea naye kwa heshima nikamwambia mzigo unaweza kuchukuliwa kesho, mshono huu nataka ulale, asubuhi tupige chaki upya ukiwa umepoa kabisa, maana ufa wa hidrojeni unachelewa kutokea. Akapandisha sauti, eti mafundi wengine wanatoa gari siku hiyohiyo. Mzee akaichukua simu yake akasema, "Bosi, mlima Kitonga napanda mimi, na shaba nashuka nayo mimi. Gari linalala." Akakata.

Alilala kwenye kabini hapohapo gerejini. Jumatano saa 2 chaki ilibaki nyeupe tupu, akarudishiwa betri zake na soketi, tukamwashia, taa ya hitilafu hakuna. Nimemwambia akirudi kutoka Lubumbashi apite kabla hajapakia tena, bolti zile zikaguliwe na chaki ipigwe tena, bure, na lile boksi la jikoni aliliona akalipenda, ameshaacha vipimo vya tela lake.