Hapa nani anaanika?

Leo Ijumaa, na swali la Mama la Jumapili bado halijanitoka. Tulikuwa tumepanda kutoka kituo cha treni cha Kendall, hapa Cambridge, Marekani, polepole kwa sababu ya lile goti, nikitaka aone jengo la maabara ninalofanyia kazi. Akasimama pale Main Street, akainua uso, akayatazama maghorofa ya vioo upande huu na upande ule.

"Mwanangu, hapa nani anaanika?"

"Anaanika nini, Mama?"

"Nguo. Sioni kamba, sioni kanga, sioni hata shuka."

Nikamwambia huku watu wanakausha kwa mashine, ndani. Nikamnyooshea kidole lile jengo la fleti la Ames Street. Akaguna. "Basi hata wakiwepo hawapo," akasema, tukaendelea kutembea.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: mdogo wangu kafaulu mtihani wa unesi, mpangaji wetu wa ghorofa ya sita karudisha funguo, na lile suala la jenereta ya jengo limekwisha. Lakini kila nikipanda lifti namjibu Mama upya.

Jibu la kwanza nililolitunga ni la historia. Miaka ya 1960 sehemu hii ya Cambridge ilikuwa na viwanda. Vikaondolewa ili NASA, shirika la anga la Marekani, ipate uwanja wa kituo chake cha utafiti wa elektroniki, kikafunguliwa 1964, kikafungwa 1970. Sehemu ya ardhi ikaenda kwa Wizara ya Usafirishaji, nyingine ikakaa tupu miaka na miaka. Mwaka 1976 Meya Alfred Vellucci na madiwani wakasimamisha majaribio ya hatari zaidi ya kuunganisha vinasaba, wakaweka jopo la raia wa kawaida kulichunguza jambo lile, na 1977 jiji likatunga sheria yake. Wengi walidhani wanasayansi watakimbia. Wapi! Sheria ilimwambia mwekezaji kibali anaombea wapi na kwa masharti gani. Kampuni ya dawa ya Biogen ikaja 1982, wengine wakafuata. Jibu zuri, ila Mama hakuuliza kampuni zimefikaje.

Jibu la pili ni la hewa. Ofisini hewa inazungushwa, inachujwa, inarudi. Maabara ya kemikali hairudishi kitu: hewa inaingia mara moja, inatoka juu ya paa. Chukua sakafu ya mita za mraba 1,000 yenye dari la mita 2.7. Ukibadilisha hewa yote mara sita kwa saa, unatupa nje mita za ujazo 16,200 kila saa, na kiasi hichohicho unakiingiza kutoka kwenye baridi ya Januari na kukipasha moto. Mabomba ya kazi hiyo ni mapana, yanakula nafasi juu ya dari, ndiyo maana kutoka sakafu hadi sakafu maabara inataka kama mita 4.5 wakati fleti inatosheka na tatu. Siku hizi maabara tupu ni nyingi, na kila mkutano lazima atokee mtu wa kusema tuzigeuze nyumba. Aje aone. Katikati ya sakafu kuko mbali na dirisha, na dirisha lenyewe halifunguki. Na jengo la fleti huwezi kulifanya maabara. Kama mtaa utakuwa na watu wa kulala, unawatengea kiwanja chao mapema, kabla hujachimba msingi wa kwanza.

Halafu dohani. Hewa kutoka kwenye makabati ya kunyonyea mvuke tunaitoa mita tatu au zaidi juu ya paa, kwa kasi ya kama mita 15 kwa sekunde, ili ipae isirudi kuingia tunakovutia hewa safi. Mradi wa aina hii huharibika kwa mpangilio wa ujenzi: maabara inatangulia, hesabu zinafanywa kwa majirani wafupi, miaka mitano baadaye linasimama jengo la fleti refu kuliko dohani, na mwenye nyumba ya juu kabisa anapata moshi usawa wa uso. Ndiyo maana hutengenezwa kielelezo cha mtaa mzima, pamoja na majengo ambayo bado yako kwenye karatasi, kikawekwa kwenye njia ya upepo wa mashine. Hapa kidogo nilimkaribia Mama. Kabla ya kufunga kamba ya kanga ya ghorofa ya ishirini, mtu lazima ajue upepo unatoka kwa nani.

Kemikali nazo zina ngazi zake, na mpangaji mgeni hunaswa hapa. Kwa kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani, kiasi cha vimiminika vya kuwaka kinachoruhusiwa katika eneo moja la udhibiti (sehemu ya jengo iliyotengwa kwa kuta za kuzuia moto) kinapungua kadiri unavyopanda. Ghorofa ya kwanza (Wamarekani huhesabu chini kuwa ya kwanza) unapata asilimia 100, ya pili 75, ya tatu 50, ya nne hadi ya sita 12.5, kuanzia ya saba ni 5. Na maeneo yenyewe huko juu ni mawili kwa ghorofa, ukipita ya tisa ni moja. Sasa weka kampuni tatu changa kwenye ghorofa ya nane. Wa kwanza kusaini anajaza kabati lake la etanoli na asetoni, wa tatu anakuta fungu limekwisha, na mkataba umeshasainiwa. Mgawanyo huo uandikwe kwenye mkataba wa pango, kwa lita, kwa jina la kila mpangaji.

Matokeo yake ghorofa ya chini inagombewa. Stoo ya kemikali inaitaka, tangi la nitrojeni linaitaka, pamoja na chumba cha transfoma, geti la malori, na tangi la kusawazisha maji ya maabara kabla ya kwenda kwenye mfereji wa jiji (hapa pH, kipimo cha asidi, isipungue 5.5 wala isizidi 12). Hiyo ndiyo ghorofa anayopita nayo mpita njia. Mipangomiji inadai maduka usawa wa barabara, mwenye jengo anajibu sawa, anachora vioo na viti.

Jana usiku, bila hata kulitafuta, ndipo nikaona kwa nini neno la Mama liliniuma. Jengo letu lina mkahawa chini. Kahawa, majani ya saladi, mikate ya kupashwa. Hakuna anayekaanga kitunguu humo na hatatokea. Jiko la mafuta linataka bomba la chuma lililochomelewa lisipitishe tone, lenye milango ya kusafishia, ndani ya shimo la kuta zinazostahimili moto kutoka chini hadi paani, mdomo wake uwe mita tatu au zaidi mbali na tunakovutia hewa. Shimo hilo linakula kama mita moja ya mraba kila ghorofa. Kwenye michoro ya kwanza lilikuwepo. Kwenye ya tatu limefutwa, mita zimerudi kwenye pango. Niliiona karatasi ile, nikageuza ukurasa. Kulirudisha leo ni kutoboa maabara za watu kumi na moja na kuwazimia hewa. Hakuna atakayelipia.

Hivyo sina tena hamu ya kumweleza Mama kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Utaalamu ulikuwepo, shimo lilichorwa.

Nikiwa mkweli, pale kwenye ardhi ya Volpe, ile iliyokwenda kwa Wizara ya Usafirishaji, watu wamebishana vizuri zaidi. Chuo kikuu cha MIT kilikubali 2017 kutoa dola milioni 750, sehemu yake ikiwa ni kuijengea serikali jengo jipya, na katika masharti yake kuna nyumba kama 1,400, 280 kati yake za bei nafuu daima. Na wazazi wa Fulkerson Street walikataa kituo cha kupozea umeme kando ya shule, mpango ukahamishiwa chini ya ardhi huku Kendall, karibu na wanaoutumia huo umeme. Kesho nitapita pale na Mama, goti likikubali.

Anaondoka Alhamisi. Begi lake nimelipima kwenye mzani wa bafuni: kilo 27, na ndege inaruhusu 23. Kila nikigusa kitu nikitoe, ananiambia hicho ni cha mtu.