Nilivyoandika Historia ya Eneobunge la Kibra kwa Kufuata Mipaka

Kikundi cha wakazi wa Kibra, jijini Nairobi, ambacho mimi ni katibu wake kilipoamua kuandaa waraka wa maoni kwa ajili ya mapitio ya mipaka ya maeneobunge, sehemu ya historia niliachiwa mimi, kwa sababu niliwahi kufundisha somo hilo na kwa sababu hakuna mwenzangu aliyeitamani. Wengi waliiona kuwa kazi ya jioni moja: orodhesha wabunge tangu uhuru, weka miaka yao mbele ya majina, kisha sema tunataka nini. Mimi sikuridhika na mpango huo. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) izingatie, pamoja na idadi ya watu, sura ya nchi na miji, maslahi ya pamoja ya jamii, uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Kwa hiyo historia inapokewa kama ushahidi, na orodha tupu ya wabunge haithibitishi lolote kuhusu uhusiano wa watu na ardhi wanayokalia.

Nikaanza na mipaka yenyewe. Nilichora jedwali ambalo mistari yake ilikuwa miaka ambayo idadi ya maeneobunge ya Kenya ilibadilika. Mwaka 1963 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na maeneo 117. Mwishoni mwa 1966, Seneti iliyokuwa na viti 41 ilipounganishwa na Baraza hilo, yakawa 158. Uchaguzi wa 1988 ukafanyika katika maeneo 188, ule wa 1997 katika 210, na tangu 2013 yako 290. Kila mstari niliugawa sehemu tatu: ardhi iliyokuwa ndani ya mpaka, watu walioishi humo, na aliyewasemea bungeni. Jina la mbunge lilikuja mwisho kabisa. Mpangilio huu ulinisaidia kuona jambo ambalo orodha hulificha, kwamba jina moja la eneo, kwa mfano Lang'ata, ambamo Kibra ilikuwa ndani yake hadi mgawanyo wa 2012, linaweza kudumu kwa miongo kadhaa huku watu walio nyuma yake wakibadilika kabisa.

Kwa tarehe na matangazo ya mipaka nilitegemea Gazeti Rasmi la Serikali, na kwa kauli za wabunge nikasoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Magazeti ya zamani niliyasoma katika Maktaba ya McMillan na Nyaraka za Taifa jijini. Wazee wetu niliwaendea kwa swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoiokoa kazi: sikuwauliza walimchagua nani, niliwauliza walipigia kura wapi. Mtu husahau mwaka, na mara nyingi hukumbuka kwamba alimchagua mshindi hata kama hakumchagua, lakini shule aliyosimama juani hasahau. Mzee mmoja wa Makina aliniambia, "Mwalimu, mwaka usiniulize, lakini najua tulipanga foleni nyuma ya picha." Hapo nilijua mara moja kwamba anazungumzia 1988, mwaka wa mlolongo, ambapo katika uteuzi wa KANU, chama pekee cha wakati huo, wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya picha au wakala wa mgombea, na aliyepata asilimia 70 au zaidi akapita bila kupingwa. Takwimu za mwaka huo niliziandika pembeni ili zisilinganishwe na za kura ya siri, kwa kuwa foleni ikishatawanyika hakuna kitu cha kuhesabu upya.

Mvutano wa kwanza ndani ya kikundi ulihusu jina la juu kabisa. Baadhi walitaka Joseph Murumbi, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, aongoze orodha ya wabunge wa Lang'ata. Nilimweka katika mstari wa 1963 chini ya jina la eneo alilowakilisha, yaani Nairobi Kusini, wala sikumhamishia penginepo. (Wale walioona nimemnyima heshima niliwakumbusha kwamba mkusanyo wake wa sanaa na vitabu umehifadhiwa katika jengo lile lile la Nyaraka za Taifa nilikokuwa nikisoma, na heshima hiyo ni kubwa kuliko ile ya jedwali langu.)

Ndani ya mstari huo huo nililazimika kueleza ardhi ya Kibra, ambayo umri wake unaizidi ramani yoyote ya uchaguzi. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni, walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 Serikali ya wakati huo ilitangaza zaidi ya ekari 4,000 kuwa hifadhi ya kijeshi. Hatimiliki ya jamii waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Namba hizo mbili niliziweka sentensi moja baada ya nyingine bila maelezo, nami naamini zilisomeka vizuri zaidi hivyo.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka hadi 1974, ambapo nilikawia kwa makusudi. Mwaka huo Mwangi Mathai alichaguliwa mbunge wa Lang'ata baada ya kampeni iliyoahidi ajira kwa wasio na kazi. Mkewe, Wangari Maathai, aliichukulia ahadi hiyo kwa uzito, akaanzisha kampuni ya Envirocare iliyokusudia kuwapa watu hao kazi ya kutunza bustani na kupanda miti. Kampuni haikufika mbali, lakini wazo lake la vitalu vya miti lilitangulia Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lililozaliwa mwaka 1977. Niliona kisa hiki kinastahili nafasi katika waraka kuliko hotuba nyingi za bungeni, kwa kuwa kinaonyesha jinsi ahadi ya jukwaani katika eneobunge moja ilivyozaa jambo ambalo dunia nzima ilikuja kulifahamu.

Aliyefuata, Philip Leakey, alichaguliwa mwaka 1979 na kushika kiti hadi 1992, akiwa Mkenya mzungu wa kwanza kuchaguliwa bungeni tangu uhuru. Wasomaji vijana wa rasimu yangu walistaajabu, lakini ramani ya wakati huo inaueleza vizuri ushindi huo. Lang'ata ilikuwa na mashamba na majumba ya Karen upande mmoja na vyumba vya futi kumi kwa kumi vya Gatwekera na Laini Saba hapa Kibra upande mwingine, na mbunge mmoja alitakiwa kuzisemea pande zote mbili.

Miaka ya hayati Raila Odinga ndiyo iliyonipa taabu kuifupisha, kwa sababu kila mtu Kibra anayo historia yake kuhusu miaka hiyo. Nilijifunga kwa mambo yanayohusu kiti chenyewe. Alikichukua mwaka 1992 kwa tikiti ya FORD-Kenya. Alipohamia chama cha NDP alikiacha, akakirejesha katika uchaguzi mdogo wa Machi 1997. Kisha akakishikilia hadi 2013. Jambo ambalo wengi wamelisahau ni uzito wa kiti hiki katika uchaguzi wa 2007. Katiba ya zamani ilimtaka mshindi wa urais awe pia amechaguliwa kuwa mbunge, hivyo kura za Lang'ata zingeweza kumzuia mtu kuingia Ikulu hata kama nchi nzima ingempa ushindi. Ndiyo maana ushindani wa Raila, aliyekuwa akiwania urais mwaka huo, na Stanley Livondo wa chama cha PNU ulifuatiliwa na taifa zima. Katiba ya 2010 iliondoa sharti hilo, na mwaka 2013 Raila aliwania urais tu, bila kuwania ubunge.

Sehemu ya hesabu niliiogopa mwanzoni, lakini ndiyo niliyokuja kuipenda zaidi. Kwa miaka mingi ilikuwa ikisemwa kwamba Kibera, kama wengi wanavyoiita Kibra, ina watu milioni moja, na baadhi ya wenzangu walitaka namba hiyo iingie katika waraka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Hata kama mtu angeitilia shaka namba hiyo, eneobunge zima la Lang'ata, pamoja na Karen, South C na Nairobi West, lilihesabiwa kuwa na watu 355,188, na milioni moja haiwezi kuingia ndani ya laki tatu na nusu. Niliwaambia wenzangu kwamba tume itakapoona milioni katika ukurasa wa pili haitausoma wa tatu.

Kazi ya kugawa maeneo mapya 80 ilianzwa na tume ya muda iliyoongozwa na Andrew Ligale, na IEBC ikaikamilisha Machi 2012. Kipimo kilikuwa wastani wa taifa: watu 38,610,097 wakigawanywa kwa maeneo 290 wanapatikana 133,138 kwa kila mbunge, na Katiba inaruhusu miji na sehemu zenye watu wachache kuzidi au kupungua kwa asilimia 40, na kwingineko asilimia 30. Kwa mji, basi, kikomo cha juu kilikuwa watu wapatao 186,393. Nilizipanga namba za Nairobi ya zamani yenye maeneo manane juu ya kipimo hicho, nikatumia kugawanya tu, bila kuhesabu marekebisho ya pembezoni. Lang'ata ikigawanywa mara mbili inatoa 177,594, chini kidogo ya kikomo, ilhali mgawanyo wa mara tatu, unaotoa 118,396, ungekaribia wastani zaidi. Embakasi yenye watu 925,775 ikigawanywa mara tano inatoa 185,155, karibu kabisa na ukingo. Kwa jumla, watu 3,138,369 wa Nairobi walistahili, kwa wastani mtupu, maeneo zaidi ya 23, walipata 17.

Sababu mojawapo iko katika Katiba yenyewe. Mapitio yale ya kwanza hayakuruhusiwa kufuta eneobunge lililokuwepo, hata kama watu wake walikuwa wachache, na maeneo 27, yakiwemo Lamu Mashariki na Mvita, yalibaki kwa ulinzi huo. Sikuandika neno la kuyalaumu. Mtu wa visiwa vya Lamu anayevuka bahari kumtafuta mbunge wake anayo hoja nzito kama ya mtu wa Silanga, kijiji cha hapa Kibra, aliyebanana na wenzake. Nilichotaka kionekane ni kwamba pengo la Nairobi lilitokana na chaguo la kisheria, na chaguo huweza kujadiliwa.

Mgawanyo wa 2012 uliiacha Lang'ata na wadi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise, na Kibra ikapewa Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Matokeo yake yalionekana katika aina ya watu waliochaguliwa. Kibra ilimchagua Ken Okoth, mzaliwa wa hapa hapa aliyesoma Shule ya Msingi ya Olympic, ambaye alielekeza nguvu zake katika elimu hadi alipofariki tarehe 26 Julai 2019. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba mwaka huo mdogo wake, Imran Okoth, alipata kura 24,636, akimshinda McDonald Mariga, mwanasoka aliyewahi kuchezea Inter Milan, aliyepata 11,230, na Eliud Owalo aliyepata 5,275. Mwaka 2022 kiti kikaenda kwa Peter Orero. Lang'ata iliyotengana na Kibra ilimchagua Nixon Korir wa chama cha Jubilee mwaka 2017, jambo ambalo sioni lingewezekanaje ndani ya mipaka ya zamani, kisha ikarudi kwa ODM, chama cha Raila, mwaka 2022.

Nilipoisoma rasimu mbele ya kikundi, ombi lililokuwa midomoni mwa wengi lilikuwa kuigawa Kibra mara mbili. Hapo jedwali lilitusemea sote. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296, na wastani mpya ni 164,015, kikomo cha mjini kikiwa 229,621. Kaunti ndogo ya Kibra ilihesabiwa kuwa na watu 185,777 na Lang'ata 197,489. Zote mbili zimeuzidi wastani lakini ziko ndani ya kikomo, na maeneo hayawezi kuzidi 290 bila Katiba kubadilishwa, hivyo kuomba kugawanywa kungekuwa kuomba kiti cha mtu mwingine bila hoja ya idadi. Hajati mmoja, ambaye ndiye aliyelipigania ombi hilo kwa nguvu zaidi, aliniomba nimrudie hesabu polepole, akaifuata kwa kidole kwenye karatasi, kisha akasema tuombe kile tunachoweza kukitetea.

Tuliomba mambo mawili. La kwanza, Kibra ibaki eneobunge moja linalozingatia historia ya Makina na vijiji vinavyoizunguka, na isimegwe kujaza upungufu wa jirani yeyote. La pili, mipaka ya wadi ipitiwe. Wastani wa wadi moja kwa hesabu ya wadi 1,450 za nchi ni watu wapatao 32,800, ilhali wadi zetu tano zina wastani wa 37,155, na mzigo huo haukugawanyika sawa kati yake. Tuliambatisha orodha ya shule ambazo wazee walizitaja kuwa vituo vyao vya kupigia kura, tukionyesha zile ambazo kwa mpaka wa sasa ziko wadi tofauti na nyumba za wanaozitumia.

Muda wa juu wa miaka 12 unaoruhusiwa na Katiba kati ya mapitio ulipita Machi 2024, wakati tume ikiwa haina makamishna tangu Januari 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025. Katika kipindi hicho cha kusubiri niliendelea kuuboresha waraka, hasa sehemu ya wadi, kwa kupanga takwimu za sensa lokesheni kwa lokesheni ili ombi la pili lisimame hata kama la kwanza halitahitaji kujadiliwa.