Jiwe Lisilo na Madafu

Chapati zangu mbili na yai la kuchemsha viliondoka na pimbi kabla sijagusa jiwe nililokwenda kulikwea. Nilikuwa nimeinama nahangaika na viatu, mfuko wa chakula uko nyuma yangu hatua mbili tu, na nilipogeuka nikaona kitako kisicho na mkia kinapotelea kwenye ufa. Kijana mmoja aliyekuwa akikunjua kamba akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba pimbi ni jamaa wa ndovu. Sawa, lakini ndovu akija kukuibia angalau utamwona anakuja.

Naanza na chapati kwa sababu zilikuwa kitu cha mwisho nilichobaki nacho ambacho nilikwisha kukilipia. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mnivumilie. Matatu ya kutoka Nairobi mpaka Naivasha ilinitoza karibu mara mbili ya siku za kawaida, eti ni Jumamosi na ni mwisho wa mwezi. Ile ya pili, ya barabara ya ziwani, nilikalia injini. Kwenye njia panda ya mbuga ya Hell's Gate nikakodi baiskeli kwa shilingi 500 na amana juu yake, baiskeli yenye gia moja, nayo ni ile ya kupandia milima. Kiti chake sitakizungumzia. Getini malipo ni ya simu tu siku hizi, na simu yangu ikaamua kuzungusha kale kaduara kwa robo saa huku nyuma yangu foleni inakohoa.

Na aliyenialika hakuja. Mwenzangu wa ofisini, ambaye kila Jumatano hukwea ukuta wa vishikio vya plastiki mjini na kila Alhamisi hutusimulia, aliniandikia saa kumi na mbili asubuhi nikiwa tayari steji: mtoto ana homa, wewe nenda tu, watu wa kamba ni watu wazuri. Ningeshuka. Lakini nauli nilikwisha kuilipa.

Basi nikawakuta wanane chini ya jiwe liitwalo mnara wa Fischer, sina ninayemjua. Kwetu Msambweni mgeni huulizwa habari za nyumbani, kisha ni mtoto wa nani. Hawa swali lao la kwanza lilikuwa, "Una kilo ngapi?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Mtu mzima humwulizi uzito wake mbele ya watu. "Themanini na sita," nikasema. Wakatazamana kama wanunuzi wa ng'ombe. Binti mmoja mwanafunzi akatikisa kichwa: yeye hafiki hata hamsini, akinishikia kamba mimi nikateleza, atakayepaa ni yeye. Akasogezwa mbele bwana mmoja mfupi, mpana wa mabega, wa makamo, kofia ya sufu kichwani na jua lile lote. "Mpeni Fundi."

Jina lake jingine sikuambiwa. Ana kibanda Gikomba, anashona mabegi yaliyoraruka na turubai za hema, na hivyo ndivyo alivyoingia kwenye mambo haya: wakweaji walimpelekea mabegi yao, siku moja wakampelekea mkanda ule wa kuvaa kiunoni na mapajani ulioanza kuachia uzi. Akakataa kuushona. Akawaambia kitu cha kumning'iniza mtu hakitiwi kiraka, kitupwe. Wakampenda kwa hilo, wakamwambia njoo uone unavyotumika. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Viatu nilivyopewa vilikuwa vya namba 41. Mimi navaa 43. Vinatakiwa kubana, wakasema, na soksi usivae. Nikavuta, vidole vikajikunja kama vya kuku. Wakati narudi nyuma nisipepesuke nikakanyaga kamba, na wote wanane wakanigeukia kama nimekanyaga msala na viatu. Kamba ya kukwea haikanyagwi. Mchanga huingia ndani ya nyuzi ukawa unaikata polepole, nawe huoni kitu kwa nje. Nikaomba radhi. Fundi akanifunga fundo lenye umbo la tarakimu nane, akalifungua, akaniambia nifunge mwenyewe. Mara nne. Ya tano akapitisha kidole kwenye kila mzingo akihesabu kimoyomoyo, jozi kwa jozi, kama mtu anayehesabu noti za mwenzake. Kisha akageuka, akanionyesha kifaa chake cha kushikia kamba, akanitaka mimi nami nimkague. Ninajua nini mimi? Nikatazama, nikaitikia kwa kichwa. Akakataa. "Sema umeona nini." Mpaka nikasema: kamba imepita hapa, kufuli imefungwa hapa.

Jiwe lenyewe lina jina la Mjerumani aliyepita pande hizi mwaka 1883. Wamaasai wana simulizi yao: binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa akaambiwa asigeuke nyuma kutazama kwao, akageuka. Wajuzi wa miamba husema ni uji wa volkano uliogandia kooni mwa mlima, mlima ukamomonyoka, koo likabaki limesimama peke yake nyikani. Mita 25 hivi. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana mnazi mrefu wa kizamani unafika hapo.

Nusu ya kwanza sikuipata taabu. Mshiko ulikuwepo, mguu unapata pa kukaa, na kamba ilikuwa imetangulizwa juu ikarudi chini kwa Fundi, kila nikipanda anaivuta ulegevu. Nikaanza hata kujisifu kidogo. Halafu nikafika mahali pana upana wa kipande cha sabuni, nikaweka ncha ya mguu wa kulia, nikapapasa juu nisipate kitu, nikapapasa kushoto, hakuna kitu, na nikatazama chini. Baiskeli zilikuwa ndogo.

Mguu ukaanza. Haikuwa baridi wala si kwamba niliutetemesha mimi. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka chenyewe, haraka haraka, goti linagonga jiwe tik tik tik, na kadiri ninavyokiamuru kitulie ndivyo kinavyoongeza mwendo.

"Fundi! Nishushe!"

"Nitakushusha. Ni mguu gani?"

"Wa kulia! Nishushe!"

"Hiyo ni cherehani. Shusha kisigino."

"Nini?"

"Kisigino. Kiko juu sana, umesimamia kidole kama unachungulia dirisha ya jirani. Kishushe chini kabisa."

Nikakishusha. Mguu ukazima, kama mtu ametoa unyayo kwenye kanyagio. Msuli wa shavu la mguu ukisimamishwa kwenye ncha ya kidole muda mrefu huchoka, ndipo huanza kupiga. Kisigino kikishuka unapumzika. Jambo la kipuuzi kabisa, na lilinishangaza kuliko mnara wote.

Nikadhani sasa ataniambia niendelee. Akaniambia nikae.

"Nikae wapi?"

"Kwa kamba. Wacha mikono, ukae kama kwa kiti."

Mimi nisiyemwamini kondakta akisema atanirudishia chenji! Nilikuwa nimefungwa, nimekaguliwa, nimehesabiwa fundo, na bado mpaka dakika ile nilikuwa najishikilia mwenyewe tu, kamba naiona kama pambo. Sijui nilikaa vile muda gani kabla sijaachia. Binti wa chini alikuja kusema ni dakika kumi na mbili. Alikuwa anangoja zamu yake, kwa hiyo namwamini. Nikaachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Kamba ikavutika kiasi cha shibiri moja, maana zimetengenezwa zivutike, ila hilo hakuna aliyeniambia, na roho yangu ikashuka na kuniacha pale juu. Kisha ikashika. Nikawa naning'inia, magoti jiweni, mikono mitupu.

"Uko sawa. Unatoka wapi, mkubwa?"

"Msambweni."

"Huko si ndio kwa watu wa nazi? Na wewe unaogopa kupanda?"

Nikamwambia, kwa sauti ya kupiga kelele kwa sababu ya upepo, kwamba mkwezi alikuwa mjomba wangu, mimi nilikuwa mwokotaji.

"Yeye alikuwa anashikwa na nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Mjomba alikuwa akipanda kwa zile kata zilizochongwa kwenye shina, panga kiunoni, miguu mitupu, mnazi baada ya mnazi tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na sisi watoto huko chini kazi yetu ilikuwa kukaa mbali zinapodondoka na kuhesabu. Tulimpigia kelele moja tu: bado ngapi? Mwaka wa mvua nyingi kata moja ikawa imeoza, akaanguka, akavunjika nyonga. Mwenye shamba alikuja kumjulia hali na kilo mbili za sukari, na kabla ya wiki kwisha alikuwa na mkwezi mwingine.

"Nimeuliza tu," Fundi akasema chini. "Kuna mshiko juu ya bega lako la kulia. Hauonekani, lakini uko."

Ulikuwepo.

Kileleni hakuna kitu. Pana nafasi ya kukaa watu wachache, mavi ya ndege, na vyuma vilivyopigiliwa ambavyo kamba hupita. Kwa mbali mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria ulikuwa unapanda mweupe kama jikoni kwenye harusi. Ukikwea mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, nao wahenga hawakuwa wanatia chumvi: kushuka unatakiwa uegemee nyuma, mgongo kwenye hewa, miguu imenyooka jiweni, utembee kwa kinyumenyume. Kila kitu mwilini kinakwambia ulikumbatie jiwe. Ukilikumbatia unachunika. Nina makovu mawili ya ushahidi.

Nilipotia mguu chini nilitazamia, sitasema makofi, lakini neno. Binti alikuwa tayari anajifunga. Fundi akanyoosha mkono.

"Viatu, mkubwa. Kuna mwenzako anangoja."

Kumbe vile viatu ni vya wote, vina jozi tatu, hupita mguu hadi mguu siku nzima vikiwa vya moto. Kamba nayo ni ya mchango, na ukiizungumzia na watu hawa ndipo utakapojua sauti zao zinapanda kiasi gani. Usiku kambini walibishana zaidi ya saa nzima kama kamba ya bluu istaafishwe au ibaki. Wakaipitisha mikononi mwa kila mtu, inchi kwa inchi, mbele ya moto, macho yamefumbwa, wakitafuta kwa vidole mahali palipolegea. Ilipofika kwangu nami nikapapasa. Nilihisi kitu, kama uvimbe mdogo, nikaona aibu kusema, nikasema. Wakapakagua watu watatu. Kamba ikastaafishwa. Nilikuwa nimewagharimu kamba nzima, na ndiyo mara ya kwanza kwa siku ile waliponiita kwa jina langu.

Binti alinigawia chapati yake. Nilikula nikitazama nyuma.

Fundi hutaka kitu kimoja duniani: alale usiku mmoja kwenye kibanda cha Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, mita 5,188, mahali usipofika ila kwa kamba. Kibanda hicho alikijenga mkweaji Ian Howell mwaka 1970. Alikipandia kilele hicho mara 13, peke yake, mpaka kikasimama. Fundi alisimulia akinoa kijiti, kama anamzungumzia jirani wa Gikomba.

"Na huyo," nikamwuliza, "alikuwa anashikwa na nani?"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Huyo ni mjomba wako."

Jumapili siikumbuki vizuri ila vidole, ambavyo havikuweza kushika hata kikombe. Mwenye baiskeli alikata 200 kwenye amana yangu, akidai breki ilikuwa nzima nilipoichukua. Haikuwa nzima. Nilibishana naye mpaka wenzangu wakapanda matatu wakaniacha, wakanirudia mguu kwa mguu, wote wanane, wakasimama nyuma yangu kimya. Akarudisha 100.

Tukipanda Mai Mahiu nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, nikamwambia nilikokuwa.

"Jiwe," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Refu?"

"Kama ule mnazi wa kisimani kwa marehemu babu."

"Ukaangua nini?"

"Hakuna cha kuangua kule juu."

"Wakakulipa kiasi gani?"

"Nimelipa mimi, mjomba."

Nikamsikia akimpa mkewe habari hiyo, na mkewe akimwomba arudie. Wakacheka wote wawili. Kisha akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika kwenye kona.

"Na huyo aliyekushikia kamba, ni mtoto wa nani?"

Nikafungua mdomo nikaona sina jibu. Kwenye simu nimemwandika Fundi Kamba.

"Ni fundi cherehani, mjomba. Anashona mabegi."

"Haya. Mwulize kama anashona na magunia. Hapa yamechanika matatu."