Keri imewaka tena, na safari hii sikuibembeleza

Bloku ya injini ya gari yangu ilirudi Alhamisi kwa meli ya Unguja, imefungwa ndani ya gunia la mchele na kamba, na mimi nimesimama bandarini Mkoani kama mtu anosubiri mgonjwa wake. Nikaifungua hapo hapo. Nikatia kidole ndani ya silinda ya kwanza nikaiskia ile mikwaruzo, midogo midogo, imepishana kama msuko wa ukili, na hapo ndo roho yangu ikatulia maana nlijua fundi wa kukereza kaifanya kazi yake.

Kwa wasonijua, mimi nabeba mizigo hapa Pemba na Suzuki Carry, Keri tu tunavoita, wenzetu wa Bara wanaiita kirikuu. Injini yake F6A, silinda tatu, cc 660. Injini ndogo lakini ndo inolisha nyumba yangu kwa hiyo mtaniwia radhi nikiisemea kwa uchungu.

Mwaka juzi nliishusha injini hii hii. Ringi za pistoni mpya, beringi mpya, gasketi, kila kitu. Fundi niliyempa wakati ule (simtaji) akanambia iwashe uiache silensa, yaani inguruma papo bila kukanyaga mafuta, mpaka jioni, halafu kilomita 1,000 nzima usizidi spidi 40 na usibebe hata mkungu wa ndizi. Nikamtii wallahi. Nimeendesha kama nimepakia mayai, mwezi mzima sina kazi, madeni yananijia mlangoni, na baada ya miezi mitatu ikaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili lita nzima kila wiki mbili. Tulipoifungua safari hii silinda zinang'ara kama kioo cha kabati. Mikwaruzo hakuna, imefunikwa yote.

Ami yangu, ambae kafanya kazi ya ufundi magari toka mimi niko chuoni nasoma juzuu, ndo alonikalisha akanieleza. Mimi nlidhani ringi inabana ukuta wa silinda kwa ule mkunjo wake tu, kama springi. "Mwanangu, mkunjo wake ni mdogo," akanambia, "kinoisukuma ringi ukutani ni moto wenyewe. Mafuta yakiripuka ile gesi inapita juu ya ringi inaingia nyuma yake, inaitandaza." Sasa ukiiacha gari silensa au ukiiendesha kinyonge moto unakuwa mdogo, ringi haibani sawasawa, oili inapita inabaki ukutani inaungua na kuganda, inaziba ile mikwaruzo, na mikwaruzo ikishaziba ringi haina tena pa kujisagia. Hapo umekwisha, maana hata ukija kukanyaga mafuta baadae hairudi, lazima ufungue upige msasa upya. Na saa za mwanzo ndo zenye kazi hio, zikipita zimepita.

Basi safari hii tumefanya alivotaka ami.

Kabla ya kuwasha tumechomoa plagi zote tatu tukapiga stata vipande vipande mpaka taa ya oili ikazima, ili oili ifike juu kwenye kemshafti, ile shafti inofungua valvu, kabla moto haujaingia. Oili ya kawaida ya madini, si sinthetiki. Kuna mtu dukani alitaka kunipa ile ya bei akidhani ananifanyia hisani, nikamwambia hio kaa nayo nije kuichukua ringi zikishakaa. Maji tumejaza rejeta taratibu na mfuniko wazi mpaka mapovu yakaisha, maana hewa ikibaki ndani injini mpya inapata joto haraka na hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, inapinda.

Ikawaka mara ya pili. Hatukuiacha silensa hata kidogo, ami kashika waya wa mafuta kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika huku mimi niko chini na tochi natazama kama kuna pahala panavuja. Imepata joto, haivuji, taa ya oili imezima, ami akafunika injini akanambia panda. Siku hio hio! Mimi mikono inanitetemeka kwa yale ya mwaka juzi.

Tumepakia mifuko mitatu ya saruji kwa ajili ya uzito tukashika njia ya Mkoani. Na hapa nashukuru kuwa niko Pemba maana huku vilima vilima, Unguja ningetafuta pa kufanyia kazi hii nisipate. Gia ya tatu, spidi 30, unakanyaga mafuta kama robo tatu unapanda kilima mpaka 60, ukifika juu unaachia mguu kabisa ukiwa kwenye gia hio hio ishuke yenyewe. Kule kupanda ringi zinabanwa, kule kushuka injini inavuta hewa ya chini, inanyonya oili kidogo juu inaosha yale mavumbi ya chuma. Unarudia. Usikae spidi moja muda mrefu, usiizungushe mpaka ilie, na usiiburure na gia kubwa ikakohoa.

Msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kando ya njia, harufu imejaa, kila nikipita napunguza. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua vikonyo akanisimamisha. "Mwanangu unapita mara ya tano, umepoteza kitu?" Nikamwambia naizoesha injini bibi. Akasema haya, Mungu akujaalie.

Baada ya kilomita 50 tukamwaga oili yote ingali ya moto, imepitishwa kwenye kitambaa cheupe. Nliogopa kuangalia. Kuna unga wa kijivu unometameta mdogo sana, kama magamba ya dagaa ukiyasaga, ami akasema huo wa kawaida, tungeona vipande au rangi ya shaba shaba hapo ndo beringi. Filta mpya, oili mpya, nikarudi kazini kesho yake na nusu mzigo. Oili nyingine nimemwaga kwenye kilomita 500, ilikuwa safi.

Leo nimefika 1,200. Asubuhi kabla sijawasha nimechomoa kijiti cha oili, nikakifuta na kanga kuukuu, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Alama iko pale pale nilipoiacha kwenye 500. Nimemwita mke wangu atoke aje aone.